Tupeane uzoefu: DSLR kubwa ya zamani au kamera ndogo isiyoingia maji, ipi imekutoa?

Mpenda_Mwanga (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa uzoefu, si wa kunakili karatasi za maelezo.

Nina kamera mbili ambazo zinafanana kwa jambo moja tu: zote ni megapikseli 12. Ya kwanza ni Nikon D700 ya mwaka 2008, DSLR (kamera ya kubadilisha lenzi, unayochungulia kupitia lenzi yenyewe), fulu fremu (sensa yake ina ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35), chuma kitupu, karibu kilo moja kabla hujaweka betri wala lenzi. Ya pili ni Olympus Tough TG-5 ya mwaka 2017, gramu 250 pamoja na betri na kadi. Hii inazama mita 15 bila kasha, inaanguka kutoka mita 2.1, na inafanya kazi kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri.

Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi, D700 inakupa karatasi ya sentimita 36 kwa 24, na TG-5 inakupa 34 kwa 25. Saizi ni ileile. Sasa piga nazo zote mbili chumbani usiku chini ya taa moja, uziweke picha mezani. Hata asiyewahi kushika kamera atakuonyesha ipi imetoka wapi. Sensa ya D700, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ina eneo la milimita za mraba kama 860, na ya TG-5 haifiki 30. Lenzi ya TG-5 inafunguka hadi f/2.0 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa) ikiwa pana, na hapo inajitetea kidogo. Ukivuta zumu hadi mwisho unabaki na f/4.9, utetezi umekwisha.

Tatizo langu ni mkoba. Nikipanga safari D700 inaingia kwanza kila mara, halafu nikiona wingu linajikusanya naitoa. Nataka kusikia kwa wanaozitumia kweli: unapiga nini, wapi kamera ilikubeba, wapi ilikuacha. Za rika hilo zote ruksa: Nikon D3, Canon 5D Mark II na 1D za zamani, na upande wa pili Nikon Coolpix W300, Pentax na Ricoh WG, Lumix za maji. Karibuni.

Ukumbi_na_Filimbi

Naanza mimi. Napiga michezo ya ndani: kikapu, voliboli, ngumi. Kwenye kumbi taa huwa za kubahatisha, na mchezaji hakusubiri. Ili mkono usitoke kama moshi nahitaji shata (muda wa mwanga kuingia) ya 1/500 ya sekunde kwenda juu, f/2.8, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 1600 au 3200. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi na Canon EOS-1D Mark II ya mwaka 2004, megapikseli 8.2, picha nane na nusu kwa sekunde. Ukiwaambia vijana wa leo megapikseli nane wanacheka. Gazetini picha haijawahi kurudishwa kwa sababu ya megapikseli.

Kamera ndogo ya maji niliazimwa kwa mashindano ya kuogelea, nikajaribu kuitumia na ukumbini. Kuna kitu karatasi hazikisemi kwa sauti: kwenye ukoo wa TG (hizi Olympus Tough) hakuna modi ya kuchagua kasi ya shata mwenyewe. Una programu, una modi ya tundu la lenzi, basi. Kamera ikiamua 1/60 inatosha, umekwisha. Ndiyo, TG-5 inapiga picha 20 kwa sekunde, lakini kwa kasi hiyo fokasi inafungwa kwenye picha ya kwanza. Mchezaji anakuja mbio kwako, wewe una picha ishirini za mahali alipokuwa.

Na kuchungulia. DSLR unaona kwa jicho moja kupitia lenzi yenyewe, hakuna kuchelewa hata chembe. Kwa skrini ya nyuma unaona kilichokwisha kutokea, hata kama ni sehemu ndogo ya sekunde. Kwenye ngumi sehemu hiyo ndogo ndiyo picha yenyewe.

Kwenye bwawa, hata hivyo, niliiweka kamera ndogo chini ya maji kwenye kona ya ukuta nikampata muogeleaji akigeuka, povu lote limemzunguka. Hiyo 1D haitaiona maisha yake.

SimuInatosha

Mnajitesa. Simu za sasa zinavumilia maji na picha za usiku ni safi kuliko hizo zote mbili. Uzi ufungwe.

Mzamiaji_Mkimya

Mkuu SimuInatosha, hiyo simu inavumilia maji yaliyoipata kwa bahati mbaya, na mara nyingi kipimo chenyewe ni maji baridi yasiyo na chumvi, kwa dakika chache. Skrini ya kugusa ikishalowa haijui kidole ni kipi na tone ni lipi. Nenda nayo mita tano chini ujaribu kubonyeza, kisha urudi utuambie.

Turudi kwenye mada. Mimi napiga chini ya maji, na humo hesabu inageuka. DSLR inaweza kuzama, ila ndani ya kasha la alumini au plastiki nzito lililotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo moja tu, na lenye kioo cha mbele kinacholingana na lenzi uliyoweka. Kamera ikizeeka ukanunua nyingine, kasha linabaki pambo. Jumla yake na mikono ya taa ni mzigo wa kilo kadhaa nje ya maji, na ndani ya maji unasukumwa na mkondo kama umebeba dirisha. Nimeogelea pembeni ya watu wenye vifaa hivyo. Picha zao ni tamu, sikatai. Ila kazi yao kubwa huwa ni kulisimamia kasha, samaki wanakuja baadaye.

Kwa TG unaingia na kamba mkononi. Mambo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema ni haya.

Rangi nyekundu inapotea kwanza. Ukifika mita tano tu kila kitu kimekuwa bluu na kijani, samaki mwekundu anaonekana kahawia. Kamera inayotoa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata) inakuokoa hapo, kwa sababu unarekebisha mizani ya nyeupe baadaye bila kuichana picha. Kwenye ukoo wa TG, RAW ilianza na TG-4 mwaka 2015. Ukipata TG-1 au TG-2 ya bei chee ujue unabaki na JPEG, picha iliyokwisha kuchakatwa na kamera. Hapo tumia modi ya chini ya maji, ni bora kuliko kuja kuhangaika kwenye kompyuta.

Fleshi ya ndani iko jirani mno na lenzi. Inawasha kila chembe iliyo kati yako na kitu unachopiga, na picha inatoka imejaa nukta nyeupe. Nimeizima kabisa, isipokuwa kwa vitu vilivyo karibu sana, ambapo maji katikati ni machache. Kwa mbali tumia jua. Piga saa za jua la juu, jipe kina kidogo, sogea karibu, halafu sogea tena.

Na maji yanakuza. Kupitia kioo bapa kitu kinaonekana kikubwa kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo lenzi pana ya milimita 25 inafanya kazi kama ya 33. Ukitaka mwamba mzima uingie kwenye fremu, lazima urudi nyuma, na ukirudi nyuma unaongeza maji katikati, picha inafifia. Kuna lenzi za nyongeza za kufunga mbele kwa ajili hiyo, na kwangu ndicho kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya taa.

La mwisho: mita 15 maana yake mita 15. Kila mita 10 za kushuka zinaongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Mzamiaji mwenye cheti cha mwanzo cha PADI (shirika la mafunzo ya uzamiaji) anaruhusiwa hadi mita 18, yaani mtu wa kawaida kabisa anaipita kamera yake bila kujua. Nikon W300 na AW130 kabla yake zinafika 30. Kwa TG kuna kasha rasmi la mita 45, na ni dogo, linaingia kwenye begi la mgongoni. Kwa nini ununue kamera ya maji halafu kasha? Kwa sababu kasha likivuja, kamera iliyo ndani bado inazuia maji yenyewe.

Mama_wa_Mapacha

Mimi si mtaalamu. Mume wangu ana ile kubwa, 5D Mark II. Watoto wakiona inatoka begini wanasimama wima kama wako studio. Ndogo ya maji naiacha kwenye beseni lao, wanapigana picha wenyewe, wanamwagiana maji. Picha zina chenga (nukta nukta za mwanga hafifu) kidogo lakini wanacheka kweli. Yeye anasema zangu hazina "kina". Sawa, baba. Zilizotundikwa ukutani ni za nani?

Mpenda_Mwanga

😂 Dada, hapo mzee hana la kujibu.

Mzamiaji, asante sana, hiyo ya maji kukuza nilikuwa naiona kwenye picha bila kujua sababu. Swali: hao wanaosema kamera yao ilijaa maji siku ya kwanza, shida huwa nini? Naona malalamiko mengi na sijui niamini kipi.

Fundi_Shata

Nitajibu hilo, kwa kuwa ndiyo yanayoletwa mezani kwangu. Natengeneza kamera tangu enzi za filamu, na maiti wa maji nimewafungua wengi, wa kampuni zote. Majina siwataji, hakuna aliye salama.

Karibu kila mara maji yamepitia mlangoni: mlango wa betri na kadi, au ule wa waya. Mwili wenyewe huwa mzima. Mlangoni kuna mpira mwembamba wa kuzibia, na mpira huo unafanya kazi ukiwa safi tu. Unywele mmoja, chembe moja ya mchanga, uzi wa taulo, umeshatengeneza mfereji. Mtu anabadilisha betri ufukweni, upepo unavuma, mikono ina chumvi, anafunga mlango anasikia "tak" anaridhika. Mlango umefunga, mpira haujafunga. Betri ibadilishwe ndani, mikono mikavu, uutazame mpira na kingo zake kwa tochi, upanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Pili, joto. Kamera imelala juani kwenye mchanga hadi imechemka, halafu unaitumbukiza kwenye maji baridi. Hewa iliyomo ndani inasinyaa ghafla, na shinikizo ndani linashuka. Kama kuna udhaifu wowote kwenye mpira, maji yananyonywa kuingia. Hata yasipoingia, unyevu ulioko ndani unaganda kwenye kioo cha lenzi na picha zote zinatoka na ukungu. Watu wanasema "imevuja", kumbe ni unyevu uliofungiwa siku mlango ulipofunguliwa mahali penye mvuke. Ipoze kamera kivulini kwanza.

Tatu, mpira unazeeka. Vitabu vya maelekezo vya kamera nyingi za aina hii vinashauri mpira ubadilishwe kila mwaka hata kama unaonekana mzima. Ni nani anayefanya hivyo? Ndiyo maana kamera ya maji iliyotumika, ya miaka mingi, mimi naihesabu kuwa ya mvua na vumbi tu. Ikizama ikarudi hai, shukuru. Na iliyowahi kuangushwa vibaya usiiamini kabisa, maana fremu ikipinda kwa unene wa karatasi mpira haukai tena sawasawa, na kwa nje huoni kitu.

Baada ya bahari, loweka kamera kwenye maji ya kawaida, ikiwa imefungwa, na ubonyeze vitufe vyote humohumo majini ili chumvi itoke chini yake. Sabuni hapana, maji ya moto hapana, kuianika juani hapana. Chumvi ikikauka chini ya kitufe inakuwa kokoto, na kitufe hicho ndicho kitakachoanza kupitisha.

Sasa wenye DSLR msinicheke. Hizo "zimezibwa dhidi ya hali ya hewa" mnazojivunia, zimezibwa dhidi ya manyunyu. D700, D3, 1D, zote zina mipira kwenye viungo, kweli, na zinavumilia mvua ambayo ingeua kamera ya kawaida. Lakini kuna tundu kubwa kuliko yote pale mbele: mlango wa lenzi. Lenzi isiyo na mpira kwenye kiungo chake cha chuma inaacha tundu hilo wazi. Na lenzi ya zumu inayorefuka na kufupika inavuta hewa ndani kila unapoizungusha, na hewa hiyo inakuja na vumbi na mvuke. Nimefungua kamera ya kitaalamu iliyofia kwenye mvua ya kawaida kabisa kwa sababu ya lenzi nyepesi ya milimita 50 iliyofungwa mbele yake.

Wadudu_na_Maua

Shikamoo Fundi, somo limeingia.

Niko kwenye utafiti wa wadudu na mimea midogo, na naomba niseme jambo ambalo wenye fulu fremu hawapendi kulisikia: kwenye makro (picha za vitu vidogo kwa karibu sana) ya porini, kamera ndogo inaipiga kubwa. Sisemi kwenye makabati ya makumbusho, ambako una stendi, reli na taa mbili. Nasema umelala kwenye majani mabichi na chungu anatembea.

Ni hivi. Ukimsogelea mdudu kwa sensa kubwa, sehemu iliyo kwenye fokasi inakuwa nyembamba sana. Jicho liko sawa, mguu umeshapotea. Unaziba tundu la lenzi hadi f/16, mwanga umekwisha, unaongeza ISO, unaongeza fleshi, unaweka kitambaa cha kulainisha fleshi, na chungu keshaenda zake. Sensa ndogo kwa picha ileile inakupa kina cha fokasi kikubwa zaidi bila kufanya lolote. Udhaifu wake kwenye picha za watu, ule wa mandhari ya nyuma kukataa kulainika, huku ndio nguvu yake.

TG zinakaribia hadi sentimita moja kutoka kwenye kioo. Tangu TG-3 ya mwaka 2014 zina uwezo wa kupiga picha kadhaa zenye fokasi tofauti na kuziunganisha zenyewe ndani ya kamera. Kuna kipete cha plastiki kinachofungwa mbele ya lenzi, kinachukua mwanga wa taa ndogo ya kamera na kuuzungusha pande zote. Hakina umeme wowote ndani yake, na ndicho kifaa bora nilicho nacho. Bila hicho, ukisogea sentimita moja kivuli cha kamera kinamfunika mdudu.

Mapungufu yapo. Kwenye sentimita moja mdudu yeyote mwenye akili anaondoka. Kwa kipepeo na kereng'ende bado natumia DSLR na lenzi ya makro ya milimita 105, kwa sababu naweza kukaa mbali. Na rangi: kwenye RAW ya D700 ya ofisini naweza kuinua vivuli na kukuta maelezo yamo. Kwenye TG nikiinua kivuli nakuta chenga za zambarau. Kwa hiyo kwa TG napima mwanga vizuri palepale, sitegemei kuja kuokoa.

Ila wakati wa masika, juu ya mti uliolowa, matope hadi magotini, sifikirii mara mbili. Nikimaliza naisuuza kijitoni.

Mhandisi_Vumbi

Mimi ni wa saiti. Saruji, grisi, mvua, kofia ngumu. Kamera ya kazi ni ndogo ya maji, na sababu hata si maji, ni vumbi la saruji. DSLR inafunguliwa lenzi na vumbi linakaa kwenye sensa, kila picha ina madoa angani. Ndogo haina pa kufunguliwa, na lenzi yake inajivuta ndani kwa ndani haitoki nje, hivyo haina mdomo wa kunyonya vumbi. Ya kwetu ilikanyagwa na buti ikaendelea. GPS inaandika mahali kwenye kila picha, ripoti inajipanga yenyewe.

Kero: vitufe ni vidogo kwa mtu mwenye glavu. Na kioo cha mbele ni kidogo kiasi kwamba tone moja la mvua linafunika sehemu kubwa ya picha. Kwenye lenzi kubwa tone hilohilo hulioni hata kidogo. Nabeba kitambaa kikavu ndani ya kofia.

Mpiga_Sherehe

Natofautiana kidogo na hali ya uzi. Mnaiongelea DSLR ya zamani kana kwamba ni mgonjwa. D3 yangu, modeli ya 2007, bado inaingia kanisani na ukumbini kila wikendi. Matundu mawili ya kadi, kila picha inaandikwa mara mbili. Shata yake ilijaribiwa kiwandani hadi mara 300,000, na ya D700 mara 150,000. Nani ataniambia kamera ndogo itampa bibi harusi ngozi ile chini ya taa za njano, ISO 3200, mandhari ya nyuma imeyeyuka? Haiwezi. Ukiweka f/2.0 kwenye sensa ndogo hivyo, kwa kina cha fokasi ni kama unapiga f/11 kwenye fulu fremu. Kila kitu kiko wazi: bibi harusi, mashemeji, waya wa spika na ndoo ya fundi mitambo.

Na kuna jambo la heshima. Ukiwa na D3 mkononi watu wanakupisha. Ukija na kamera ya rangi nyekundu yenye kamba ya kuelea wanakuuliza mpiga picha amefika saa ngapi.

Nakubali moja tu: sauti. Wakati wa kiapo D3 inapiga kama mlango wa gari. Hapo ndipo ningetamani kitu kidogo kilicho kimya.

Ukumbi_na_Filimbi

Hiyo ya kupishwa ina upande wa pili mkuu. Viwanja vingi na majumba ya makumbusho wanazuia "kamera za kitaalamu" mlangoni. Kwa mlinzi, kitaalamu maana yake kubwa. Ndogo inapita hata kama inapiga video ya 4K, ambayo D3 na D700 haziwezi kabisa kwa kuwa hazina video ya aina yoyote.

Kilele_Taratibu

Mpanda mlima hapa. Nimebeba zote mbili kwa nyakati tofauti. Juu kule kila gramu unaisikia kwenye pumzi. D700 na lenzi ya 24–70 f/2.8 ni kama kilo mbili shingoni. Unaanza ukiwa mpiga picha, ukifika nusu ya njia umekuwa mchukuzi.

Lakini nataka kuitetea kubwa kwa jambo moja. Baridi inashusha nguvu ya betri za lithiamu kwa kamera zote. Betri ya DSLR ni kubwa, na kamera yenyewe haihitaji skrini kuwaka ili upige, unachungulia tu kwa jicho. Inakaa siku nzima. Ndogo inawasha skrini kila unapotazama kitu, na betri yake yenyewe ni kadogo. Imezimika mkononi mwangu kabla ya jua kuchomoza, ingawa baridi haikuwa imezidi ile iliyoandikwa kwenye boksi. Kamera yenyewe ilikuwa salama, betri ndiyo ilikata tamaa. Betri ya ziada ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na ubadilishane.

Alfajiri, mwanga mdogo, nyota bado zipo: hapo fulu fremu tu. Mchana kwenye theluji, jua kali: sioni tofauti ambayo mtu wa kawaida angeiona.

SimuInatosha

Nimesoma uzi wote. Ile ya skrini kulowa ni kweli, nakubali. Swali kwa Fundi: nikitaka kuanza na DSLR ya zamani iliyotumika, niangalie nini? Na usiniambie idadi ya shata peke yake, hiyo kila mtu anasema.

Fundi_Shata

Karibu kundini, kijana.

Idadi ya shata ni ya kuangalia, ila si hukumu. Kamera iliyopiga 120,000 kwa mwandishi wa habari aliyeitunza ni bora kuliko ya 15,000 iliyolala kwenye kabati lenye unyevu na kuota ukungu kwenye vioo. Mimi naanza na raba za mshikio. Za rika lile zinalegea, zinavimba, zinanata. Hilo ni la kawaida na linabadilishika, lakini likuambie umri. Kisha toa lenzi utazame kiungo cha chuma: kikiwa kimelika upande mmoja, kamera ilibeba lenzi nzito bila kuegemezwa. Piga ukuta mweupe kwa f/16 utaona madoa ya sensa. Mengi ni vumbi la kusafishika. Doa lenye umbo la utandu au michirizi isiyotoka, achana nayo. Piga kwa 1/1000 na kuendelea, ukutani palepale. Upande mmoja ukitoka na kivuli, mapazia ya shata yamechoka.

Halafu betri. Za asili za kamera za zamani nyingi zina umri sawa na kamera, na hata mpya ya kwenye boksi imezeeka humohumo. Za kampuni nyingine zipo, nyingine nzuri, nyingine zinavimba na kukwama ndani. Ukiona inaingia kwa kubanwa, usiisukume.

Faili zisikutie hofu. RAW za kamera hizi zinafunguka kwenye programu za kisasa, hata za bure kama darktable na RawTherapee, na programu hizo zinasafisha chenga kuliko zile za wakati kamera inatoka. Kwa maana hiyo D700 ya leo inatoa picha nzuri kuliko D700 ya 2008, na hakuna aliyeigusa.

Mpenda_Mwanga

Fundi, suala la kadi umeliruka. D700 inatumia CompactFlash, ninayo moja tu, na kompyuta yangu haina pa kuichomeka. Ikifa?

Fundi_Shata

CompactFlash bado zinapatikana, kwa hiyo tafuta ya pili mapema na uzisome kwenye kisomeo cha USB. Kinachoua si kadi. Ndani ya tundu kuna pini 50 nyembamba, na ukiingiza kadi kwa pembe unapinda moja. Pini ikipinda kamera haiioni kadi, au inaandika faili mbovu. Iingize taratibu, iliyonyooka, na ukihisi ukinzani itoe, usisukume. Kabla ya kununua kamera, mwombe mwenye nayo atoe kadi, uangaze tochi mle ndani. Pini zote ziwe kwenye mstari, urefu mmoja. Yangu mwenyewe huwa naiacha kadi ndani na kuhamisha picha kwa waya wa kamera. Ni polepole, unaweza kwenda kuoga na kurudi, lakini tundu halijaguswa miaka mingi.

Wadudu_na_Maua

Na kwa TG kinyume chake, Fundi? Waya uepukwe, kadi itolewe?

Fundi_Shata

Kwa TG vyote viwili vinafungua mlango. Tumia Wi-Fi kwa picha chache ukiwa porini, na mengine subiri ufike pakavu.